Dirisha jipya kwenye ukuta wa matofali wa tabaka mbili: fremu ikae wapi

Nyumba nyingi za matofali Uingereza zina kuta za tabaka mbili: tofali la nje milimita 102.5, uwazi wa milimita 50 au zaidi, kisha bloku ya ndani. Hesabu zangu ni za ukuta huo na fremu ya plastiki yenye kina cha milimita 70.

1. Vipimo. Pima kwa nje, tofali hadi tofali, mahali patatu kwa upana na patatu kwa kimo. Shika kipimo kidogo kabisa, toa milimita 10. Plasta ya ndani haipimiwi.

2. Linta, yaani boriti ya chuma au zege inayobeba matofali juu ya dirisha. Kama juu ya dirisha la mbao kuna tofali zilizosimama wima na huoni chuma wala zege chini yake, using'oe kitu. Huenda fremu ya mbao ndiyo inayozibeba, na ya plastiki haitaweza. Linta iwekwe kwanza.

3. Kung'oa. Toa vioo, kata fremu katikati, vuta kwa mtalimbo. Usichane utepe mweusi wa kuzuia unyevu ulio pembeni.

4. Kina cha fremu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi mwenye haraka hurudisha fremu milimita 30 tu kutoka uso wa tofali, kwa sababu kizingiti kifupi (ubao wa chini ya fremu unaomwaga maji nje) kinatosha na drili inapata tofali la kushika. Lakini 30 na 70 ni 100: fremu yote imekaa kwenye tofali la nje, lenye baridi na linalonyonya mvua. Utepe unabaki nyuma yake bila kazi, na majira ya baridi plasta ya pembeni inaota ukungu mweusi. Mwenye nyumba atalaumu kioo.

Fremu ivuke tofali na kuufunika utepe na uwazi kwa milimita 30 hivi. Kwa hiyo 102.5 jumlisha 30, toa 70: irudishe ndani milimita 62 hivi.

Hilo linaleta mambo mawili. Kwanza, kizingiti cha milimita 150 hulaliwa na fremu kwa 70, na 62 zinabaki juu ya tofali, kwa hiyo kitachomoza milimita 18 tu nje ya ukuta, na mfereji wake wa kudondoshea maji unaweza kuangukia juu ya tofali. Agiza cha 180, kichomoze 48. Pili, skrubu ya katikati ya fremu itaangukia milimita 97 (62 na nusu ya 70) kutoka uso wa tofali, ukingoni kabisa mwa tofali, na italipasua. Tumia mabapa ya chuma: yafunge kwenye fremu kabla ya kuinyanyua, kisha yakunje kwenye bloku ya ndani. Mabapa yakae milimita 150 hadi 250 kutoka kila kona, na yasiachane zaidi ya 600.

Ukikuta uwazi ni mpana zaidi, kipimo cha 62 hakibadiliki. Kinachoongezeka ni pengo la kuziba ndani.

5. Kusawazisha. Vipande vya plastiki chini, pimamaji pande zote, kisha pima pembe kwa pembe. Kaza skrubu ukiwa na kipande nyuma ya kila bapa, la sivyo fremu inavutwa na dirisha linagoma kufunga.

6. Kuziba. Povu ni la kujazia, halishikilii dirisha. Chagua lisilovimba sana, maana la kawaida husukuma fremu ndani. Nje, silikoni isiyo na harufu ya siki. Matundu ya kutolea maji chini ya fremu yaachwe wazi.