Kabla ya kuinua mkono kwenye mkutano wa Sacco: jinsi ya kujua wakubwa wanalipwa kiasi gani

Sacco nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hufunga hesabu Desemba 31, na sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya inataka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne. Ndiyo maana kati ya Februari na Aprili kumbi za Nakuru, Kisumu na Kakamega hazikosi wanachama. Langoni unapewa mfuko wenye kofia au mwavuli, kijitabu cha hesabu na nauli. Azimio la malipo ya bodi husomwa mwishoni, saa saba hivi, pilau ikishanukia. Mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, limepita. Anayengoja kukifungua kijitabu pale ukumbini amechelewa.

Kitafute mapema. Notisi ya mkutano hutolewa angalau siku 15 kabla, na kifungu cha 21 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinakupa haki ya kuona hesabu za mwaka, kumbukumbu za mikutano mikuu na ripoti za kamati ya uangalizi kwenye ofisi kuu. Nenda na kitambulisho, namba yako ya uanachama na barua fupi ya kuomba. Ukiambiwa kijitabu bado kiko kwa mpiga chapa, omba nakala ya hesabu zilizotiwa sahihi na mkaguzi. Hizo huwa tayari kabla kijitabu hakijachapwa.

Hotuba ya mwenyekiti iache kwanza. Fungua nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kwa sababu malipo ya wakubwa hayakai mahali pamoja. Mishahara iko chini ya gharama za wafanyakazi. Posho za vikao, safari, semina na "ziara za mafunzo" ziko chini ya gharama za utawala. Honoraria ya bodi, yaani malipo ya shukrani kwa kazi ya mwaka, mara nyingi hukaa peke yake, karibu na mgao wa ziada (faida ya mwaka), na hapo ndipo wengi huiruka. Kisha kuna maelezo ya wahusika wa karibu, ambayo kanuni za kimataifa za uhasibu zinayadai: jumla ya malipo ya wasimamizi wakuu, pamoja na mikopo waliyopewa wao na wakurugenzi. Chukua kalamu, zungushia namba zote nne.

Tuseme Sacco ina wanachama 4,000. Wafanyakazi wamelipwa milioni 22, na kati ya hizo milioni 13.2 zimeenda kwa wasimamizi wakuu watatu. Hiyo ni milioni 4.4 kwa kila mmoja kwa mwaka. Zinabaki milioni 8.8 kwa wafanyakazi wengine 20, yaani 440,000 kila mmoja. Mkubwa mmoja analipwa sawa na makarani na walinzi kumi. Sasa bodi: posho na safari milioni 6.6, honoraria milioni 1.8, jumla milioni 8.4. Gawanya kwa wanachama 4,000, unapata shilingi 2,100 kwa kila kichwa. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha mwenye akiba ya 30,000, akipewa riba ya asilimia 7, anapata shilingi 2,100 hizo hizo kwa mwaka mzima. Hesabu hii ndiyo ya kusomea watu. Asilimia tupu hazimshtui mtu, lakini kila mmoja anajua mwaka wake wa kukatwa mshahara umemletea nini.

Hesabu huwekwa miaka miwili ubavu kwa ubavu. Linganisha. Malipo ya bodi yakiwa yamepanda kwa asilimia 30 huku akiba zikikua kwa 6, una swali halali.

Kosa ambalo hufanywa sana ni kukomea kwenye mishahara. Linaloumiza zaidi ni malipo yanayotolewa kwa ziada ya kwenye karatasi. Mkopo ukisimama kulipwa, kanuni zinataka Sacco inayopokea amana itenge fedha za kufidia hasara: asilimia 1 kwa mkopo unaolipwa vizuri, 5 ukichelewa hadi siku 30, 25 hadi siku 180, 50 hadi siku 360, na 100 baada ya hapo. Meneja anayelipwa bonasi kwa ziada anaona faida kuuita mkopo mbovu kuwa mzuri. Tazama riba ya mikopo ambayo bado haijalipwa, kwenye mizania (ukurasa wa mali na madeni): ikikua haraka kuliko mikopo yenyewe, mapato yamehesabiwa kabla hayajaingia. Mabenki ya Marekani yalikwenda njia hiyo: bonasi zililipwa kwa mikopo ya nyumba ambayo ubovu wake ulijulikana baadaye, na benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 15, 2008, bonasi za miaka ya nyuma zilikuwa zimeshatumika. Kwa hivyo uliza: bonasi imepimwa kwa ziada ya mwaka mmoja, au kwa mikopo iliyorejeshwa?

Angalia pia fedha za Sacco zimewekwa wapi. Ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa Sacco za Kenya, ulionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13, na Sacco zilizoweka fedha huko zililazimika kulibeba katika hesabu zao. Kama bodi yenu iliweka na bado inaomba honoraria ile ile, iulizwe.

Kwenye kampuni zilizo Soko la Hisa la Nairobi, Sheria ya Kampuni ya 2015 inadai ripoti ya malipo ya wakurugenzi, lakini kura huhesabiwa kwa hisa. Sacco ni mtu mmoja kura moja, na nguvu hiyo hupotea bure. Sacco kubwa hutumia wajumbe wanaopiga kura kwa niaba ya wanachama wa eneo lao, kwa hivyo mwalimu wa Molo aulize maswali haya kwenye mkutano wa eneo lake, kabla mjumbe hajapanda gari kwenda Nakuru.

Andika azimio lako, usilalamike tu. "Honoraria ibaki ile ya mwaka jana hadi riba ya akiba ifike asilimia 8" ni jambo la kupigiwa kura. "Mnakula sana" si jambo la kupigiwa kura. Mpate wa kukuunga mkono mapema, lipeleke kwa katibu kabla ajenda haijafungwa, na udai liandikwe kwenye kumbukumbu hata likishindwa.

Majibu yakikosekana, kifungu cha 58 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinaruhusu uchunguzi wa Kamishna wa Ushirika kwa ombi la angalau thuluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano ulioitwa rasmi. Hesabuni watu na mwandike majina siku hiyo hiyo, maana wakishatawanyika hamtawapata tena. Barua ipelekwe kwa Kamishna, na nakala kwa afisa wa ushirika wa kaunti. Nakala yenu ibaki na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.