Kuhamisha fankisheni inayojiita yenyewe kutoka Python kwenda C, majibu yabaki yaleyale

Ukiwa na fankisheni inayojiita yenyewe kwenye Python na unataka iwe ya C, usianze kubadilisha mstari kwa mstari. Sintaksi ndo kitu rahisi kuliko vyote hapo, kompaila (programu inayogeuza kodi ya C iwe ya mashine) itakugombeza mpaka ikae sawa. Kazi iko kwenye yale mambo ambayo Python ilikuwa inakufanyia kimyakimya, C haikufanyii, na kompaila wala haisemi kitu.

Andika kwanza kwa maneno ya kawaida: inasimama lini na ikisimama inarudisha nini, alafu kila ikijiita tena nini kinapungua. Chukua faktoriali:

def fakt(n):
    if n <= 1:
        return 1
    return n * fakt(n - 1)

Yaani inasimama n ikifika 1, inarudisha 1, na n inapungua moja kila mara. Hayo maneno ukiyapeleka C:

long long fakt(int n) {
    if (n <= 1) return 1;
    return n * fakt(n - 1);
}

Hiyo long long (aina ya namba nzima yenye biti zisizopungua 64) haipo kwa urembo. Namba nzima ya Python inakua mpaka memori iishe, ila int ya C kwenye mashine nyingi ni biti 32, na faktoriali ya 13 ni 6227020800 ambayo haiingii humo. Ungeweka int kote, mara nyingi ungeletewa 1932053504, tena namba chanya safi kabisa, wala usingeshtuka. long long inakufikisha 20, ya 21 inafurika. Ukihitaji zaidi ya hapo tafuta laibrari ya namba kubwa kama GMP, usihangaike kubadilisha aina.

Sasa kuna hii ya namba hasi, watu wengi inawapita. Kigawo kikubwa cha shirika, njia ya Euclid:

def kks(a, b):
    return a if b == 0 else kks(b, a % b)

Ukiihamisha ilivyo na kuweka int, kks(-6, 4) kwenye Python inatoa 2, kwenye C inatoa -2. Kodi ileile, alama ileile ya asilimia! Sababu ni kwamba -6 % 4 kwa Python ni 2, kwa sababu baki linafuata alama ya kigawanyi, ila C inafuata alama ya kinachogawanywa kwa hiyo unapata -2. Kugawanya nako hivyohivyo: -7 // 2 ni -4, ila -7 / 2 ya C ni -3. Kwa hii fankisheni inatosha kufanya a na b ziwe chanya kabla ya kuanza, kwenye Python na kwenye C pia.

Kwenye listi, ukikuta orodha[1:] (listi yote bila kitu cha kwanza) ujue Python inatengeneza nakala mpya kila ikijiita. C usinakili kitu, peleka pointa (anwani ya data ilipo kwenye memori) na idadi iliyobaki:

long long jumla(const int *a, size_t n) {
    if (n == 0) return 0;
    return a[0] + jumla(a + 1, n - 1);
}

Angalia tu usije ukaandika n < 0 kama sharti la kusimama, size_t haiwezi kuwa hasi, ukitoa 1 kwenye 0 inaruka mpaka namba kubwa ajabu.

Alafu mpangilio. Kama fankisheni yako inasoma ingizo huku inajiita, mfano soma() - soma(), Python inaanza ya kushoto siku zote. C haiahidi hivyo, inaweza kuanza ya kulia, na ukibadilisha kompaila jibu likabadilika. Weka ya kwanza kwenye variabo, ya pili kwenye variabo nyingine, ndo utoe ya pili kwenye ya kwanza. Hii binafsi naifanya hata pale isipohitajika.

Kuhusu kina, yaani imejiita mara ngapi kabla ya kurudi: Python kwa kawaida inakukatia karibu na 1000 na kukupa RecursionError, C haina huo ulinzi, inaenda mpaka staki (memori inayoshika miito ambayo haijaisha) iishe na programu inakufa palepale. Hiyo jumla ya juu ukiipa arei ya mamilioni inaweza kuanguka, kwa hiyo kama kina kinategemea data ya mtumiaji geuza iwe lupu. Yenye matawi, kama kutembea kwenye mti, iache ijiite, mradi mti wenyewe si mrefu kupita kiasi.

Mwisho endesha zote mbili kwa ingizo moja na ulinganishe: 0, 1, hasi, listi tupu, na ile kubwa kabisa unayotegemea. Ukijaribu 5 tu zitakubaliana hata kama umekosea kila kitu nilichoandika hapo juu.