Kupima kampaundi za chuma ili kujua kiini cha ndani cha Dunia kina nini

Hapa tunabana sampuli kati ya ncha za almasi mbili ili kuiga presha ya kule chini. Kabla hujagusa almasi, jua unatafuta nini. Kiini cha ndani kina presha ya gigapaskali 330 mpaka 364 hivi, na mawimbi ya matetemeko yanaonyesha ni chepesi kidogo kuliko chuma tupu, kwa hiyo kuna kitu kingine humo, silikoni, salfa, kaboni, haidrojeni, ubishi bado haujaisha. Wengi wanakimbilia densiti tu, ila densiti peke yake haikupeleki popote, maana ukipanga kiasi vizuri hata kaboni hata silikoni zitakupa namba ileile. Mimi naangalia spidi ya wimbi la S, yaani wimbi la tetemeko linalotikisa kitu kwa kukikatiza mwelekeo wake: kule chini ni kama kilomita 3.6 kwa sekunde, ndogo mno kwa kitu kigumu.

Haya, sampuli. Tuseme ni Fe7C3, kampaundi ya chuma na kaboni. Itengeneze kwa isotopu ya chuma-57, ndo inayoitikia eksirei zenye nishati ya keV 14.4, na kwenye chuma cha kawaida iko asilimia 2 tu. Ni ghali, kwa hiyo usimwage hata punje.

Kupakia ndo kazi yenyewe. Gasketi, yaani kibati chenye tundu kinachoshika sampuli kati ya almasi, iwe ya berili, sio renia, kwa sababu detekta zinakaa ubavuni na renia itameza mionzi yote (vumbi la berili ni sumu, usiitoboe gasketi hovyo mezani). Chukua kipande cha sampuli kwa ncha ya sindano chini ya hadubini, kiweke katikati ya tundu, pembeni weka kipunje cha rubi cha kupimia presha, na ubane pumzi kweli maana ukihema tu kimeruka.

Panda presha polepole. Mwangaza wa rubi unaanzia nanomita 694 na unasogea upande wa mwekundu kadiri unavyokaza, subiri utulie ndo usome.

Kwenye sinkrotroni, mtambo unaotoa eksirei kali sana, kila presha pima mara mbili: difraksheni (jinsi eksirei zinavyopindwa na mpangilio wa atomu) ikupe densiti na ugumu wa kubanwa, halafu mtawanyo wa eksirei kwenye chuma-57 ukupe spidi ya Debye, aina ya wastani wa spidi za mawimbi ndani ya sampuli, huu unakula masaa kwa sababu signali ni hafifu sana. Ukiunganisha hizo mbili unapata spidi ya wimbi la P (la kubana na kuachia) na ya S.

Sasa grafu ya spidi na densiti. Usipige mstari mmoja kupita pointi zote! Karibu na gigapaskali 50 Fe7C3 inapoteza usumaku na spidi ya S inashuka, kwa hiyo anzia pointi za baada ya hapo, na kumbuka umepima kwenye joto la chumba wakati kule ni zaidi ya kelvini 5000, na joto nalo linaishusha S.