Hilla: ujue mmea kabla hujabeba ndoo

Kama unaishi Ufini, toa mfukoni sarafu ya euro 2 ya huko uigeuze. Majani na matunda yaliyochorwa humo ni hilla, wengine huiita lakka. Waswidi husema hjortron, Wanorwe multe. Julai hadi Agosti wenyeji hushinda kinamasini wakizitafuta, na mgeni akiwafuata bila kuujua mmea hurudi na ndoo tupu.

Hilla ni wa ukoo wa waridi, jamaa ya rasiberi, ila hauna miiba. Kimo chake ni kama shibiri moja, na kila shina hutoa ua moja tu jeupe, kwa hiyo tunda ni moja. Mmea wenyewe hasa uko chini, unatambaa topeni kama ukoka.

Aliyekulia na mipapai uani ataelewa upesi: hilla ina dume na jike. Palipo na madume matupu patajaa maua Juni, na Agosti hukuti hata tunda moja. Ndiyo maana nasema nenda mara mbili. Juni, piga magoti uchungulie katikati ya ua. Ukiona vijiti vingi vyenye vumbi la chavua, hilo ni dume, pita. Ukikuta majike, weka alama kwenye ramani ya simu. Usiku mmoja wa jalidi wakati wa maua huweza kuharibu msimu mzima.

Msimu wangu wa kwanza nilichuma nyekundu nikadhani zimeiva. Zilikuwa ngumu na chachu. Hilla huanza na wekundu, ikiiva hugeuka rangi ya asali. Tazama vijani vinavyolikumbatia tunda: vikiwa vimelibana, liache, vikijikunja nyuma, ligusie tu, litang'oka lenyewe.

Ufini na Uswidi unaruhusiwa kuchuma hata kwenye ardhi ya mtu, mradi usiingie uani kwake. Norwe kaskazini, yaani Nordland, Troms na Finnmark, mwenye ardhi anaweza kukataza, ukabaki na ruhusa ya kula palepale tu. Uliza kwanza.

Vaa gambuti ndefu na nguo za mikono mirefu, maana mbu wa kule hawana huruma, na usiende peke yako. Ukifika nyumbani zitie friza usiku huohuo, kwani zilizoiva hupondeka haraka.