Kuunganisha Neva Iliyokatika kwa Kipandikizi

Neva ya mkono ikikatwa na panga au kioo, na ncha zake zikakutana bila kuvutwa, daktari huzishona moja kwa moja. Kipandikizi, yaani kipande cha neva kinachotolewa kwingine mwilini ili kuziba pengo, huhitajika pale ambapo kipande cha neva kimeharibika au kupotea, kama katika jeraha la risasi au la mashine, kwa sababu neva iliyoshonwa kwa kuvutwa hupungukiwa damu na kujaa kovu, na nyuzi zinazoota hushindwa kupita. Mpasuaji Hanno Millesi wa Vienna alilisisitiza jambo hili katika miaka ya 1970, nami naliona kuwa ndilo kiini cha upasuaji huu.

Jeraha la namna hiyo mara nyingi hungojewa takribani wiki 3, ili mpaka kati ya neva nzima na iliyokufa uonekane. Siku ya upasuaji, chini ya hadubini, kila ncha hupunguzwa kidogo kidogo hadi mafungu ya nyuzi yajitokeze, yakiwa laini na yenye kutoa matone ya damu. Hapa pasifanyiwe haraka: daktari anayebakiza kovu kwa kuogopa kurefusha pengo atakuwa ameshona bure. Kisha pengo hupimwa kiungo kikiwa kimenyooshwa.

Kipandikizi kwa kawaida hutoka kwenye neva ya surali, ipitayo nyuma ya kifundo cha mguu upande wa nje, ambayo hutoa sentimita 30 hadi 40 kwa kila mguu. Mgonjwa aelezwe mapema, kwa lugha anayoielewa, kwamba ukingo wa nje wa unyayo utakufa ganzi. Vipande vyake hukatwa virefu kuliko pengo kwa takribani asilimia 10, vikalazwa sambamba, fungu kwa fungu, mahali penye damu ya kutosha, kisha vikashonwa kwa mishono michache ya uzi mwembamba sana wa nailoni, wa saizi ya 9-0 au 10-0.

Kiungo hufungwa banzi kwa wiki 3 hivi, ndipo mazoezi yaanze. Nyuzi huota kiasi cha milimita 1 kwa siku, ilhali msuli uliokaa bila neva kwa miezi 12 hadi 18 hauamki tena. Neva iliyokatika sentimita 30 kutoka kwenye msuli wake huhitaji takribani miezi 10 kuufikia. Kwa hiyo majeruhi asiyeweza kuinua kiganja apewe rufaa katika wiki za mwanzo, kwani akifika kwa mpasuaji baada ya miezi 9, hata kipandikizi kilichoshonwa vizuri kitachelewa.