Kidonda kisichopona: tafuta kinachokizuia kabla ya kubadilisha dawa

Kidonda kikimaliza mwezi bila kusinyaa, wengi hubadilisha dawa ya kupaka. Mara nyingi dawa haina kosa. Damu haifiki, au haipandi kurudi, au mahali penyewe panaendelea kukandamizwa kila siku. Ukijua ngozi inavyojiziba, utaona kidonda chako kimekwama wapi.

Ngozi inavyojiziba

Ngozi ikikatika, mishipa midogo hujibana na chembe sahani, vijichembe vya damu vinavyoigandisha, hushikamana kuziba tundu. Chembe hizo huachia kemikali zinazoita seli nyeupe. Siku ya kwanza hufika nutrofili kuua bakteria. Siku ya pili na ya tatu huingia makrofaji, ambazo hula mabaki na kisha kuamsha ujenzi. Wekundu na uvimbe mdogo wa siku hizo ndiyo kazi yenyewe, usiuogope.

Kuanzia siku ya nne hivi, fibroblasti, yaani seli za ujenzi, hutandaza kolajeni, nyuzi za protini zinazoipa ngozi nguvu, mishipa mipya huchipua, na shimo hujaa nyama nyekundu yenye vinundu vidogo. Seli za ngozi ya pembeni hutambaa juu yake hadi zikutane. Zinatambaa vizuri penye unyevu. Penye kigaga kikavu hulazimika kujichimbia njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hufunga haraka karibu maradufu ya lililoachwa wazi. Kwa hiyo ushauri wa "liache lipate hewa" uachwe.

Kovu la wiki tatu lina takriban sehemu ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na hata likikomaa halivuki kama asilimia 80. Kidonda kilichofunga juzi bado kinahitaji kulindwa.

Donda ndugu hukwama kwenye hatua ya seli nyeupe. Nutrofili zinaendelea kumiminika na vimeng'enya vyake, kemikali za kuvunjavunja protini, huyeyusha kolajeni mpya kabla haijashika. Bakteria nao hujifunika utando unaonata, ambao dawa hazipenyi vizuri.

Soma mahali kilipo

Kidonda cha juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, kipana, kisicho na kina, chenye majimaji mengi na ngozi ya kahawia pembeni, kwa kawaida hutokana na vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, zisizopandisha damu. Tiba yake kuu ni bandeji ya kubana, inayofungwa kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, kwa shinikizo la takriban milimita 40 za zebaki kwenye kifundo.

Kabla ya kubana, ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni, lazima zipimwe. Mtaalamu hugawanya presha ya kifundo cha mguu kwa presha ya mkono. Jibu la 0.8 hadi 1.3 kwa kawaida huruhusu kubana kikamilifu. Chini ya 0.8, kubana kupunguzwe na kusimamiwa na mtaalamu. Chini ya 0.5 usibane kabisa, maana utakata damu kidogo iliyobaki. Kwa mwenye kisukari jibu linaweza kudanganya likawa kubwa kwa sababu ateri zimekakamaa, hivyo apimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Kidonda cha vidoleni chenye kingo zilizokatika wima, mguu wa baridi, na maumivu ya usiku yanayopungua mguu ukining'inizwa, ni cha ateri. Hapo daktari wa mishipa ya damu anahitajika mapema.

Kidonda cha wayo kilichozungukwa na sugu, kisichouma, ni cha mguu uliokufa ganzi, mara nyingi kwa kisukari. Kutouma huko ndiyo hatari yake: mtu anakikanyagia siku nzima bila kujua. Hakuna dawa ya kupaka itakayoshinda uzito wa mwili. Kinahitaji kiatu maalumu au plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, inayohamisha uzito, na sugu inyolewe na mtaalamu.

Kwa kidonda cha kulalia, geuza mgonjwa kila saa mbili hivi, umlaze kwa mwinamo wa nyuzi 30, visigino vikiwa hewani.

Kusafisha na kufunga

1. Nawa mikono. Chemsha lita moja ya maji, weka gramu 9 za chumvi, yaache yapoe. Kesho yake mwaga yaliyobaki. Maji safi ya kunywa pia yanafaa.
2. Mimina taratibu, usisugue nyama nyekundu. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua fibroblasti pamoja na bakteria, ziache.
3. Utando wa njano unaonata uondolewe na muuguzi. Gaga jeusi kavu la kidole au kisigino chenye damu haba lisikatwe wala kuloweshwa.
4. Funika kwa kitambaa kisichoshika nyama, juu yake tabaka la kunyonya. Ngozi ya pembeni ikigeuka nyeupe na kulainika, unyevu umezidi: badilisha mara nyingi zaidi. Kitambaa kikitoka na damu, kilikuwa kimekauka. Kiloweshe kabla ya kukivuta.

Mgonjwa ale protini ya kutosha, takriban gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa figo zake zina tatizo. Sigara iachwe, kwa sababu nikotini hubana mishipa ileile inayopaswa kulisha kidonda.

Pima kila wiki

Rula na picha hushinda macho. Zidisha urefu kwa upana, andika tarehe. Kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua nusu ndani ya wiki nne kina nafasi ndogo ya kufunga kwa mpango huohuo; rudini kutafuta chanzo upya.

Wekundu unaosambaa, usaha, harufu mpya, homa, au mfupa kuonekana: hospitali siku hiyohiyo. Na kidonda cha miezi mitatu chenye kingo zilizoinuka na kuviringika kikatwe kipande kipimwe, maana saratani ya ngozi huweza kujificha ndani ya donda la zamani.