Somo: Kugawana ngawira chamani kwa mfumo wa EPGP

Katika chama chetu cha wachezaji wa mchezo wa mtandaoni, kila wiki naulizwa nani achukue upanga bosi, yaani adui mkuu anayedondosha vifaa, akishaanguka, na nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja. Njia za kugawana ni nyingi. Hapa naeleza EPGP (Effort Points/Gear Points, yaani alama za juhudi na alama za vifaa), ambapo alama za juhudi za mchezaji hugawanywa kwa alama za vifaa alivyokwisha kuchukua, na mwenye kiwango kikubwa huchagua kwanza.

Hatua ya 1. Hesabuneni. Watu 5 wanaokutana mara mojamoja warushe kete tu, yaishe.

Hatua ya 2. Teueni mtunza daftari mmoja, na daftari lisomwe na wote.

Hatua ya 3. Toeni alama za juhudi kwa kuwahi, kubaki hadi mwisho na kuangusha bosi. Aliyeombwa akae benchi naye apewe, la sivyo hamtampata wa kukaa.

Hatua ya 4. Kila kifaa kipangiwe bei kabla hakijadondoka, kwa maana bei inayopangwa huku watu wakikitazama kifaa huzaa ugomvi.

Hatua ya 5. Wekeni kima cha msingi cha alama za vifaa, yaani idadi ileile inayojumlishwa kwenye alama za vifaa za kila mchezaji kabla ya kugawanya. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikiona kima hiki kuwa urembo wa hesabu, nikakiacha. Mkongwe wetu alikuwa na juhudi 4000 na vifaa 2000, yaani kiwango cha 2. Mgeni aliyecheza usiku mmoja alikuwa na juhudi 100 na glavu za alama 10, yaani kiwango cha 10, akaondoka na fimbo ambayo mkongwe aliingoja miezi mitatu. Mkongwe hakugomba, aliaga kwa adabu na hakurudi. Tungaliongeza msingi wa 500 kwa kila mmoja, mkongwe angalikuwa na 1.6 na mgeni asingalifika hata 0.2. Angalieni pia kwamba asiyechukua kitu ana sifuri, na sifuri haigawi. Tena msiubadilishe msingi katikati ya msimu, maana foleni nzima hupanguka.

Hatua ya 6. Kila wiki punguzeni asilimia 10 ya alama za juhudi na za vifaa, ila msiguse msingi.

MASWALI

Mwanachama mpya: Mkuu, nikijiunga leo nitapewa kitu kweli?
Jibu: Soma hatua ya 5. Nimeiandikia aya nzima.

Mpiga mishale: Mbona bei za ngao ziko chini? Wewe si mlinzi?
Jibu: Ni mlinzi, na bei zilipigiwa kura na watu wote, ukiwemo wewe. Ngao ni rahisi kwa sababu wanaoitaka ni wawili tu. Ukiwa na bei bora, ilete na hesabu yake.

Mponyaji: Tukipunguza pande zote mbili kwa asilimia ileile, uwiano si unabaki palepale?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Ungebaki, kama si ule msingi usiopungua. Mkongwe wa juhudi 4000 na vifaa 2000 akikosekana wiki 7, juhudi zinashuka hadi 1913 hivi na vifaa 957. Ukijumlisha msingi, kiwango kinatoka 1.6 hadi 1.3. Anayehudhuria anampita polepole, naye akirejea hajafutiwa kila kitu.

Mponyaji: Na DKP (Dragon Kill Points), ule mfumo wa kukusanya alama na kuzitumia kununulia vifaa, je? Naona ni rahisi zaidi.
Jibu: Ni rahisi, na ndiyo ya kale: ilianza 1999 katika mchezo wa mtandaoni wa EverQuest, na jina lake linatokana na kuua madragoni, Lady Vox na Lord Nagafen. Udhaifu wake ni kwamba watu hulimbikiza alama, wakakataa vifaa vya kati wakingojea kimoja kikubwa, na kikosi kizima kinabaki dhaifu.

Mpiga mishale: Haya, nimekuelewa kuhusu ngao. Kifaa kisichotakiwa na mtu?
Jibu: Kivunjwe kiwe malighafi, iingie hazina ya chama na kuandikwa daftarini.

Mchawi: Na kikipewa mtu kimakosa?
Jibu: Tulieni. Katika mchezo wa World of Warcraft kifaa cha uvamizi, yaani kilichopatikana kikosi kikubwa kinapopigana na mabosi, huweza kuhamishwa ndani ya saa 2 kwa mwenzako aliyestahili kukipata bosi alipoanguka, mradi hujakivaa. Kwa hiyo asivae mtu chochote kabla mtunza daftari hajamaliza kuandika.